Gari la Baba Linakula Mshahara, Niliuze?

SWALI

Shikamoo Fundi. Mimi ni muuguzi, naishi Kihonda, Morogoro. Baba alipofariki aliniachia Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A. Kilometa zinasoma 268,400. Kila mwezi naenda Iringa kumwona mama, na safari tatu mfululizo gari limechemsha mlima Kitonga. Mwaka jana lilinila shilingi 1,270,000: rejeta ya mtumba 120,000, mota ya feni 70,000, pampu ya maji 85,000, kifuniko cha rejeta 15,000, shokapu mbili za mbele 160,000, bushi mara mbili 90,000, tairi nne za mtumba 240,000, betri 180,000, na ufundi 310,000. Bado linachemsha, na mafuta linakunywa kuliko zamani. Kaka yangu anataka niliuze kwa 4,500,000, nikope SACCOS, nichukue IST ya 14,000,000. Daftari la baba la matengenezo bado limo kwenye dashibodi. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Usiuze kwanza. Umenifanyia jambo ambalo wateja wachache hunifanyia: umeandika kila kitu na bei yake. Nikiisoma hesabu yako naona rejeta, pampu, mota ya feni na kifuniko, jumla 290,000 kabla ya ufundi, vyote vimenunuliwa kutibu ugonjwa mmoja ambao hakuna aliyeupima. Hapo ndipo pesa yako ilipopotelea. Betri na shokapu zingekuja tu, hata gari lingekuwa jipya kuliko hilo.

Nina swali. Asubuhi ukitoka Kihonda, mshale wa joto unachukua muda gani kufika karibu na katikati? Na ukiwa kwenye tambarare ya Mikumi, kuna ubaridi, unashuka tena? Kama unachelewa kupanda na unashuka ovyo, karibu nitaapa kwamba themostati, ile vali ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, imetolewa. Mafundi wengi wakiona gari linachemsha huitoa na kuitupa, eti maji yapite vizuri. Nami nilipokuwa najifunza kazi nilifundishwa hivyo, na niliwatolea watu. Niliacha siku nilipoanza kufuatilia magari yaleyale yakirudi na malalamiko ya mafuta. Kwenye injini yako themostati hufunguka maji yakifika takriban nyuzi 82. Bila hiyo injini inazunguka mjini ikiwa baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza umewasha, inaongeza petroli. Ndiyo maana linakunywa. Na kumbuka tangu mwaka wa fedha 2017/18, ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilipofutwa na shilingi 40 kuongezwa kwenye kila lita, anayechoma lita nyingi analipa zaidi na serikalini.

Lakini kukosa themostati peke yake hakuchemshi gari Kitonga. Huko nashuku maji ya bomba. Ukitia maji ya bomba miaka nenda rudi, kutu na chokaa vinaziba vijia vya rejeta, na hiyo ya mtumba uliyonunua yawezekana ilikuja imeziba tayari. Barabara ya tambarare haikuumbui, upepo unasaidia. Ukianza kupanda kwa gia ndogo nyuma ya lori, kila kitu kinajulikana.

Kabla hujanunua hata boliti, fanyeni kipimo hiki. Gari likiwa limelala usiku kucha na limepoa kabisa, fundi afungue kifuniko cha rejeta, awashe injini, mtazame maji. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeanza kupitisha hewa ya moto kwenye maji. Chomoeni na kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Naogopa hili kuliko yote, kwa sababu hedi ya 5A ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Ikichemka mara kwa mara inapinda, na kuipeleka kwenye mashine kuchongwa, gasketi mpya na ufundi, ni pesa ambayo ingekununulia rejeta mpya na chenji ikabaki. Safari tatu ni nyingi mno. Usiende ya nne kabla ya kupima.

Mapovu yasipokuwepo, basi ni rejeta mpya, themostati mpya, mfumo wote usafishwe, na kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, iliyokwisha kuchanganywa. Maji ya bomba yaishie nyumbani.

Kuhusu IST ya kaka yako, nampenda mtu anayemjali dada yake, ila hesabu inakataa. Utakopa 9,500,000. Kwa miaka mitatu, hata bila riba, ni karibu 264,000 kila mwezi, zaidi ya 3,100,000 kwa mwaka, na bado utanunua oili, tairi na bima. Kisha IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Utakuwa umekopa kununua gari kuukuu jingine ambalo hujui nani alilitunza. Hili unalijua, na lina daftari.

Lichukue daftari hilo uliendeleze. Tafuta mzee aliandika lini kubadilisha mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini. Hubadilishwa kila kilometa 100,000, na kama huoni maandishi yoyote, badilisha. Ukikatika, kwenye 5A vali hazigongi pistoni, lakini injini itazimika palepale, na sitaki uzimikiwe usiku katikati ya hifadhi ya Mikumi. Tenga 100,000 kila mwezi kwenye kibubu cha gari. Humo itatoka bima ndogo, oili ya kila kilometa 5,000, na akiba ya lile usilolitarajia.

Tairi za mtumba ndipo tunapokosana. Soma tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni: 1114 maana yake wiki ya 11 ya mwaka 2014. Zenye zaidi ya miaka 10 zitoe hata kama kashata, yale meno ya tairi, bado zinaonekana. Ile Kitonga unayoipanda ndiyo utakayoishuka ukirudi.

Nitabadili kauli jambo moja likitokea: fundi akilala chini ya gari akakuta chuma kimeoza pale sehemu za shokapu na bushi zinaposhikia. Hapo uza, na mwambie mnunuzi ukweli.

Ukienda Iringa baada ya matengenezo, zima AC tangu Ruaha Mbuyuni. Mshale ukipita katikati, fungua hita yote, tafuta mahali papana, simama, usiguse kifuniko mpaka kipoe. Kisha niandikie mshale ulisimama wapi.