Fomu ijazwe mama akiwa bado kwenye kiti

Panga mezani fomu 20 za utafiti za siku moja. Ukikuta mwandiko mmoja usiotetereka, wino mmoja, hakuna hata neno lililokatwa, na presha za akina mama wote zinaishia na sifuri, jua fomu hizo hazikujazwa kliniki. Zimejazwa jioni, kwenye chumba cha kupanga. Kila msimu wa fildi zinarudi huku Kusini, na wanaozileta ni wanafunzi wazuri, wanaojibu maswali ya raundi bila kusita. Inauma kuzitupa. Haya ni kwa ajili yenu, wadogo zetu mnaokuja Mtwara na Lindi kutafuta uzoefu wa utafiti wa kitabibu. Tunawahitaji, kwa hiyo tutasema waziwazi.

1. Omba kazi kabla ya kuomba mada. Usifike kwa mganga mfawidhi na kichwa cha utafiti cha mistari mitatu. Uliza kuna mradi gani unaoendelea, kisha omba kushika daftari la uchunguzi wa awali: nani alifikiwa, nani hakukidhi vigezo, nani alikataa, na kwa nini. Kazi hiyo haina sifa na karibu kila mgeni huikwepa. Lakini bila daftari hilo hakuna anayeweza kusema matokeo yanawahusu akina nani. Ukiandikisha kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi tu, umepata wanaoishi jirani na kituo. Mama aliyetoka kijiji cha mbali anafika saa sita, meza yako imeshafungwa. Na msidhani mkoa huu ni wa kuchukulia sampuli tu. Homa ya chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, na maelezo ya kitabibu aliyoyachapisha daktari Marion Robinson mwaka 1955 yalitokana na kuwaangalia wagonjwa wa hukuhuku.

2. Vibali vina mpangilio wake. Kamati ya maadili ya chuo kwanza. Mradi unaohitaji kibali cha taifa unakwenda NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Jaribio la dawa lina mlango wake mwingine, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ukishapata hivyo, barua inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa, halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya, mganga mfawidhi, na mwisho muuguzi kiongozi wa kliniki au wodi. Huyo wa mwisho mnamruka, na ndiye mwenye funguo za kabati la rejista. Jambo moja mlishike: kibali hakirudi nyuma. Taarifa ulizokusanya “kwa mazoezi tu” kabla ya tarehe ya kibali haziingii kwenye utafiti, hata zikiwa safi namna gani.

3. Cheti cha kozi ya utendaji bora wa utafiti wa kitabibu kipatikane kabla hujapanda basi.

4. Sasa tuje kwenye fomu za jioni, maana hapa ndipo mradi unapofia.

Chukua utafiti wa kawaida wa wajawazito: umri wa mimba, dozi za SP (dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria), mRDT (kipimo cha haraka cha malaria), hemoglobini (wingi wa damu), presha. Foleni ni ndefu, muuguzi anaita majina, mwanafunzi anaandika namba kwenye kipande cha karatasi au nyuma ya glovu, akijiambia atahamisha baadaye. Saa mbili usiku anakaa kuhamisha. Kipande kina “10.2” na “9.8” bila majina. Anajaribu kukumbuka. Kumbukumbu haikosei kwa bahati nasibu: inaelekea kule unakotarajia. Mama aliyekuwa na viganja vyeupe anapewa 9.8, yule mchangamfu anapewa 10.2. Hapo tayari umetengeneza uhusiano ambao damu yao haikuusema, na hakuna hesabu ya takwimu itakayouondoa, kwa sababu kwenye kompyuta namba ya kukumbuka na namba ya kipimo zinafanana kabisa.

Halafu umri wa mimba. Haukuandikwa, basi anaweka wiki 28, kwa kuwa tumbo lilionekana hivyo. SP inaanza kutolewa wiki ya 13 na kuendelea, dozi hadi dozi ikipishana angalau mwezi mmoja. Kwa hiyo wiki 28 badala ya 20 inabadilisha idadi ya dozi ambazo mama huyo alistahili kuwa nazo, na mama aliyehudhuria vizuri anageuka kuwa mtoro kwenye jedwali lako. Kadi ya kliniki ilikuwa mkononi mwake asubuhi. Tarehe ya hedhi ya mwisho ilikuwa imeandikwa. Ilihitaji sekunde chache tu.

Dawa yake ni hii: fomu inajazwa mama akiwa bado amekaa mbele yako, na hainyanyuki hadi uipitie kisanduku kwa kisanduku. Namba ya mshiriki iandikwe kwanza, kabla ya kipimo chochote, kwenye fomu, kwenye slaidi na kwenye daftari la maabara. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili namba ya awali isomeke, andika namba iliyo sahihi pembeni, herufi za jina lako na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usionekane kabisa. Fomu yenye makosa yaliyokatwa hivyo inaaminika kuliko fomu inayong’aa. Kisichopatikana kiandikwe hakikupatikana, kwa alama isiyoweza kuwa jibu la kweli: 99 haifai kwenye kisanduku cha namba ya juu ya presha, maana kuna mtu mwenye 99.

Foleni ikikuzidi, punguza watu, usipunguze visanduku. Washiriki wanane waliokamilika kwa siku wanafaa kuliko 25 wenye mashimo. Mwambie msimamizi mapema kwamba kasi haitoshi. Hilo ni jambo la kupangiwa siku zaidi. Fomu ya kubuni haina siku za kuiokoa.

5. Vipimo vina hila zake. Hemoglobini ya kidole: spiriti ikauke kwanza, choma pembeni mwa kidole cha kati au cha pete, futa matone mawili au matatu ya mwanzo, usikamue, kwa sababu ukikamua unachanganya damu na majimaji ya nyama na kipimo kinashuka. Kuveti, kile kidude cha plastiki kinachobeba damu kwenye mashine, ikiwa na kiputo cha hewa itupwe. Kopo la kuveti lifungwe mara tu unapotoa moja. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na unyevu unaharibu kemikali iliyomo ndani. Presha: mtu apumzike dakika tano, mkono uwe usawa wa moyo, pima mara mbili, andika 118 kama ni 118. Slaidi ya malaria: hesabu vimelea hadi chembe nyeupe za damu 200, zidisha kwa 40, ukifika 200 na vimelea havijafika 100, endelea hadi chembe 500, kisha zidisha kwa 16. Wasomaji wawe wawili, kila mmoja bila kuona jibu la mwenzake. Na mRDT inayosoma protini ya vimelea iitwayo HRP2 inaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya tiba, kwa hiyo muulize mama kama alikunywa dawa mseto hivi karibuni.

6. Ridhaa si saini. Mama anakubali haraka kwa sababu umevaa koti jeupe na anadhani akikataa atahudumiwa mwisho. Mwambie wazi kwamba huduma yake haibadiliki, kisha akueleze kwa maneno yake utachukua damu kiasi gani na ya nini. Akieleza vibaya, rudia. Asiyesoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtu wa mradi. Msaidizi wako wa utafiti hafai kuwa shahidi. Kwa bibi wa Newala anayestarehe zaidi na Kimakonde, tafuta mkalimani kabla ya siku ya kazi, usimwite mjukuu wake aliyemsindikiza.

7. Kalenda ya huku siyo ya chuo. Korosho zikianza kuanguka, kuanzia Oktoba, watu wanahamia mashambani, na ziara yako ya ufuatiliaji ya mwezi wa pili itakuta nyumba zimefungwa. Andika kitongoji cha nyumbani na cha shambani, pamoja na simu ya ndugu mmoja. Ramadhani ikiangukia kwenye mradi, jadili mapema na washiriki na uongozi wa kituo kuhusu saa za kuchukua damu. Masika yakikolea, barabara za vumbi ndani ya Liwale na Nanyumbu zinaweza kukukwamisha siku nzima.

8. Idadi ya sampuli mnayoinakili, 384, inatoka kwenye uwiano wa asilimia 50 na kosa la asilimia 5. Ukitarajia asilimia 10 wasikamilishe, gawa kwa 0.9: unahitaji 427. Halafu angalia rejista ya kituo kama wanapatikana wangapi kwa mwezi.

9. Orodha inayounganisha majina na namba za washiriki ikae kabatini chini ya kufuli, mbali na fomu. Isipigwe picha, isitumwe WhatsApp.

10. Kuhusu jina kwenye chapisho, uliza siku ya kwanza, kwa adabu, msimamizi akiwa ametulia. Masharti ya wahariri wa majarida ya tiba ni manne: mchango wa maana kwenye ubunifu, ukusanyaji au uchambuzi; kuandika au kuhariri maudhui; kuidhinisha nakala ya mwisho; na kuwajibika kwa kazi yote. Kukusanya fomu peke yake kunakupa shukrani mwishoni mwa makala. Ukitaka zaidi, omba ukabidhiwe jedwali moja ulichambue na aya zake uziandike wewe, na makubaliano hayo yawekwe kwa barua pepe.