Maswali kwa Fundi: Diwali imepita, dhahabu mbona bado ghali?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza bei ya dhahabu, basi mimi Fundi wenu, sonara wa Lamu, nimezipa ukurasa mzima. Wale walioniandikia kuhusu kusafisha fedha iliyopiga weusi wanistahimilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Fundi. Binti yangu anaolewa Shaabani inshallah. Shemeji yangu wa Mombasa alinihimiza ninunue kabla ya Diwali, akisema Wahindi wakishaingia madukani dhahabu haishikiki tena. Nikakopa kwenye chama, nikanunua mkufu na herini katikati ya Oktoba 2025. Haikupita muda nasikia imeanguka. Bangili bado. Ninunue sasa au ningoje? Na hiyo Diwali ina nguvu gani hasa? (Mama wa bibi harusi, Lamu)

Marahaba bibi, na hongera ya harusi. Shemeji yako hakukudanganya, ila ameona nusu ya mambo.

India mwaka 2024 ilinunua zaidi ya tani 800 za dhahabu, na migodi yote ya dunia hutoa kama tani 3,600 kwa mwaka. Siku ya Dhanteras, ambayo hutangulia Diwali kwa siku chache, Mhindi akinunua hata kisarafu cha gramu moja huona amefungua mwaka kwa baraka. Halafu zinafuata harusi zao, na mwezi wa Aprili au Mei wana Akshaya Tritiya, siku nyingine ya kununua. Wachina nao wana mwaka mpya wao Januari au Februari. India na China zikijumlishwa, ni karibu nusu ya dhahabu yote inayonunuliwa duniani na watu wa kawaida, ya kuvaa na ya kuweka. Mtu akiyasikia hayo ataacha vipi kuamini kwamba sikukuu ndiyo inayopandisha?

Sasa tazama ya mwaka 2025. Dhanteras ilikuwa 18 Oktoba. Tarehe 20, siku ya Diwali yenyewe, wakia moja, kipimo kinachotumika kutajia bei ya dhahabu duniani, ilikuwa imepita dola 4,300, bei ambayo hadi wakati ule ilikuwa haijapata kuonekana. Tarehe 21 ikaanguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja. Wahindi walikuwa bado wanakula halua. Walioiangusha ni watu wa mifuko ya uwekezaji waliokuwa wamenunua miezi ya nyuma, wakaona faida inatosha, wakauza kwa pamoja.

Tarehe ya Diwali inajulikana mwaka mzima kabla. Mwenye ghala Dubai anaijua, soko la London linaijua, na mafundi wa Bombay wamejaza stoo tangu Agosti na Septemba. Jambo ambalo kila mtu amelitarajia haliitikisi bei. Kinachoitikisa ni habari iliyowakuta watu wamelala: vita, benki kubwa kufilisika, Marekani kubadili riba ghafla. Aprili 2013 dhahabu ilishuka zaidi ya asilimia 13 kwa siku mbili za soko. Wanawake wa India na China walimiminika madukani kuikamata ikiwa rahisi, picha za foleni zikaonekana kila mahali. Haikusaidia kitu. Hadi mwaka unaisha, ilikuwa imepoteza zaidi ya robo ya bei yake. Maharusi wote wale hawakuweza kuishika.

Kinachopanda msimu wa harusi, bibi, ni ufundi, yaani malipo ya kazi ya kutengeneza. Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo pesa yako inapotoka bila wewe kuona. Wakia ya sonara ni gramu 31.1. Chukua mfano wa wakia ya dola 4,000 ugawe, unapata kama dola 128.6 kwa gramu. Zidisha kwa shilingi 129 za Kenya, bei ya dola moja mwaka 2025, inakuwa 16,600 hivi, na hiyo ni dhahabu safi ya karati 24. Bangili za binti yako zitakuwa za karati 21, ambayo ni asilimia 87.5 dhahabu na iliyobaki shaba na fedha. Kwa hiyo gramu yake ni kama 14,500. Sonara akikutajia 17,500, elfu tatu ya juu ni ufundi, na faida yake, na gharama ya kuileta. Hiyo elfu tatu ndiyo ya kuzungumza. Kabla ya Idi na wiki za mwisho za Shaabani kila mtu ana harusi, mafundi ni wale wale, na hakuna anayebembeleza mteja. Mwezi uliopoa, mtu yule yule atakukatia bila hata kuulizwa. (Najua masonara wenzangu wa Usita wa Mui, njia kuu ya Lamu, watanisalimu kwa kununa wiki hii.)

Kwa hiyo agiza bangili Rajabu, usingoje Shaabani ikukaribie. Mwambie akuandikie risiti kwa mafungu: uzito, karati, bei ya gramu, ufundi. Asiyetaka kuuandika ufundi mbali, ujue ameuficha ndani ya gramu. Chukua bangili nzito zisizo na nakshi nyingi, kwa sababu siku ukiziuza ufundi haurudi hata senti. Kama huna pesa yote, nunua moja sasa na nyingine mwezi ujao. Utapata bei ya kati na utalala usingizi. Mkufu uliokwisha kununua usiuhesabie tena. Binti atauvaa miaka, na hakuna atakayemuuliza ulinunuliwa tarehe ngapi. Lakini kukopa chama ili kukimbizana na bei, hilo usirudie, hata shemeji akija mwenyewe kwa basi.

Assalamu alaykum Fundi. Mimi ni nahodha wa mashua Shela. Mwishoni mwa Machi 2024 wazee walikubaliana mahari ya gramu 30 za karati 21. Wakati ule nilipiga hesabu haikufika robo milioni, nikasema hii naiweza. Sasa, mwishoni mwa 2025, naambiwa laki nne na thelathini na kitu. Gramu ni zile zile. Nani amenifanyia hivi? (Nahodha)

Wa alaykum salaam, kaka. Kwanza ujue wazee wako walikaa kwenye mkeka siku ya bahati. Januari 2024 dola moja ilikuwa imepita shilingi 160. Watu walikuwa na hofu kwamba serikali ya Kenya haitaweza kulipa deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Februari ikakopa dola bilioni 1.5 sokoni kulipunguza deni lile, hofu ikatulia, na shilingi ikapata nguvu hadi dola ikafika 131 hivi mwisho wa Machi. London katika miezi hiyo hiyo dhahabu ilikuwa inapanda, kutoka dola 2,050 hivi hadi 2,200. Lakini kwetu Lamu gramu safi ilishuka, kutoka kama 10,500 hadi kama 9,300. Wengi hawakuamini. Walikuwa wanasikia redioni kuwa dhahabu imepanda, wakija dukani wanaikuta imeshuka, wananiuliza kama naiuza bandia.

Tangu hapo hadi mwishoni mwa 2025 dola ilikaa pale pale, 129 na senti zake, kwa hiyo shilingi haikukosea wala haikukusaidia. Kupanda kote kumetoka nje. Na mkubwa wao ni benki kuu za nchi. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi za Magharibi zilizifungia akiba zake za nje, mabilioni kwa mabilioni ya dola. Nchi nyingine zikatazama zikajiuliza: na sisi siku tukikosana nao? Dhahabu iliyo kwenye chumba chako mwenyewe haina wa kukufungia. Benki kuu zikanunua zaidi ya tani 1,000 mwaka 2022, tena 2023, tena 2024. Wanunuzi hao hawaulizi ufundi, hawangoji Idi wala Diwali.

Akaja wa pili, riba ya Marekani. Dhahabu ukiiweka haizai, kwa hiyo dola ikilipa riba nzuri watu huiacha dhahabu. Septemba 2024 Marekani ikaanza kuipunguza riba, ikapunguza tena Septemba 2025. Katikati, Aprili 2025, Trump akatangaza ushuru kwa bidhaa za karibu dunia nzima, na kila mwenye pesa akatafuta pa kujificha. Wakia ikapita dola 3,000 mwezi Machi 2025, ikapita 4,000 mwezi Oktoba.

Sasa mahari. Ukitaka hukumu nenda kwa kadhi, mimi kazi yangu ni moto na nyundo. Ninavyojua kwa kuwauzia maharusi wengi ni kwamba iliyoandikwa kwa gramu huwa ni gramu. Ingeshuka, wewe ungefurahi na mkweo asingelalamika. Kuna wanaokubaliana sehemu itolewe sasa na sehemu ibaki deni, maadamu mwenye haki, yaani bibi harusi, ameridhia kwa kinywa chake. Muulize yeye kupitia wazee, usimuulize mjomba wake. Na kwa hiyo sehemu ya kwanza usinunue seti ya nakshi kutoka Dubai. Gramu 15 za bangili nyoofu ni gramu 15 za mahari. Gramu 15 za seti ya kung'aa utazilipia ufundi wa karibu gramu tatu, na mzani wa mahari hauuhesabu.

Fundi, je, Maulidi na tamasha la utamaduni hupandisha bei ya dhahabu hapa Lamu? (Mwanafunzi, Lamu)

Hapana mwanangu. Hupandisha bei ya vyumba vya wageni, na ya nauli ukichelewa. Wanaokuja msikiti wa Riyadha kwa Maulidi hununua kofia, ubani, na pete za fedha. Dhahabu wanaitazama tu kwenye kioo. Halafu Maulidi huenda na mwezi. Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, mwaka 2025 uliangukia Septemba, mwaka 2015 uliangukia Desemba. Mtu akikwambia "dhahabu hupanda Maulidi", muulize ni mwezi gani wa kizungu, umwone akihangaika.

Fundi, nina kidani cha marehemu bibi na pete mbili za siku hizi. Januari karo ya watoto inanijia. Sonara mmoja amenipa bei ya gramu iliyo chini sana ya zile mnazotaja. Ningoje Idi, wakati watu wananunua, niuze kwa faida? (Msomaji, Malindi)

Usingoje Idi kwa ajili hiyo, ndugu yangu. Sonara anakulipa kwa bei ya dunia siku ile, awe na foleni ya wanunuzi au hana. Ila Januari yenyewe iepuke ukiweza, kwa sababu kila mzazi analeta kitambaa chake cha vito mwezi huo, na sonara anayemwona mtu ana haraka hapandi bei.

Kuhusu kutajiwa chini, huenda si wizi. Vito vingi vya siku hizi ni karati 18, vina chapa ya 750 kwa ndani, na gramu yake kwa hesabu ile ya wakia ya dola 4,000 ni 12,400 hivi kabla ya kukatwa cha kuyeyusha na faida ya mnunuzi. Atasugua kwenye jiwe jeusi, atadondoshea asidi, ataangalia mstari unavyobadilika rangi. Mwache afanye, lakini afanye mbele yako. Kidani cha zamani kina mambo yake: mara nyingi vipande vyake vina uwazi ndani, na mafundi wa zamani walijaza lakiri, yaani nta ngumu, ili visibonyee. Ukikipima hivyo hivyo, unauza lakiri kwa bei ya dhahabu, na sonara mwenye macho hatakubali. Atataka akitoboe au akichome kwanza. Kikishachomwa hakuna kurudi.

Nenda kwa masonara watatu, siku moja. Bei ya London hupangwa mara mbili kwa siku, na kipindi cha baridi yao inakuwa saa saba na nusu mchana na saa kumi na mbili jioni kwetu. Ukiuliza mmoja leo na mwingine keshokutwa, hujui kama umelinganisha masonara au umelinganisha siku.

Lakini mimi ningeuza pete. Kidani, kama kimefuliwa kwa mkono na nakshi yake haijafutika, hakiuzwi kwa gramu. Wapo wanaonunua vito vya kale kwa kazi yake, na hata kama hutawauzia, wakitajie bei ndipo ujue ulichonacho. Kama pete mbili hazitoshi karo, nenda na risiti ya sonara kwa mwalimu mkuu, mwambie nusu hii, nusu mwisho wa Februari. Shule nyingi zimeshazoea.