Ubao wa weiksafu niliojiundia uani kwetu Kisauni

Juzi usiku kijana mmoja wa Likoni ameniandikia ujumbe mrefu wenye maswali mengi, ila lililonigusa ni moja: "Kaka, bei ya ubao wa weiksafu nimeuliza nikakata tamaa. Wewe wako uliagiza wapi?" Nilicheka peke yangu kitandani. Sikuagiza popote. Ule ubao mweupe mnaouona kwenye picha zangu umezaliwa uani kwetu Kisauni, Mombasa, kati ya kamba za nguo na tangi la maji, na mama yangu mpaka leo ananidai beseni lake.

Maswali ya namna hii yamekuwa mengi tangu niweke zile picha mtandaoni, kwa hiyo acha niyajibu pamoja.

Kwa asiyeujua mchezo: weiksafu ni kuteleza juu ya wimbi linaloachwa na boti. Unaanza kwa kushika kamba, boti inakuinua, ukishatulia kwenye wimbi kamba unaitupa, na hapo umebaki wewe na maji. Boti yenyewe haina haraka, kilomita 16 hadi 19 kwa saa hivi, tena imeongezwa uzito nyuma upande mmoja ili izame kidogo na wimbi linyanyuke. Wewe uko hatua chache tu kutoka tezi, yaani nyuma ya boti.

Kwa sababu hiyo naanza na boti kabla ya kugusa ubao. Usiteleze nyuma ya boti yenye injini ya kutundikwa nyuma. Najua ndizo zilizojaa pwani yote, na najua yupo binamu yako mwenye moja. Propela yake iko pale pale utakapoangukia. Boti za mchezo huu propela huwa chini ya tumbo, imeingia ndani mbele ya usukani. Halafu kuna moshi. Kaboni monoksaidi haina harufu, hujikusanya nyuma ya boti inayokwenda taratibu, na humlevya mtu akateremka chini bila hata kuita. Kama hujapata mwenye boti inayofaa, mtafute huyo kwanza, ubao utasubiri.

Mimi boti sikuwa nayo wala sina. Nilikuwa kibarua kwenye boti ya mtu kule kriki ya Mtwapa. Kazi yangu kufunga kamba, kujaza maji mifuko ya uzito, kusuuza mbao za wageni na kuzipanga kivulini. Kusuuza tu. Msimu mzima nilizishika mbao hizo, nikajua uzito wa kila moja na ukali wa kingo zake nikiwa nimefumba macho, lakini kupanda sikuruhusiwa. Siku moja mgeni akaupigiza mmoja kwenye gati, pua ikapasuka. Nikamwomba bosi niuchukue. Akaniambia mbele ya watu wote, "Nyinyi mkipewa kitu mnakwenda kuuza." Ubao ukatupwa pipani. Miaka imepita, nimeshasamehe, lakini nikiandika hapa bado moyo unapanda.

Jioni walipoondoka niliutoa, nikaulaza juu ya magazeti. Sikuuiba. Nilichukua umbo lake.

Hapa mshike kalamu: chora nusu tu, kutoka mstari wa katikati hadi ukingoni. Patani ya nusu ukiipindua upande wa pili, mabega mawili ya ubao yatalingana yenyewe. Ukichora ubao mzima kwa jicho, lazima upande mmoja uzidi. Nikapima kwa futi ya fundi nguo: urefu sentimita 150, upana 51, unene karibu 5 katikati na kupungua kuelekea mbele na nyuma. Mimi nina kilo sabini na kitu. Aliye mzito aongeze urefu na upana kidogo.

Sasa povu, ndilo kiini cha ubao. Wengi wenu mnaniuliza kama maboksi meupe ya samaki yanafaa. Hayafai, ni mepesi mno, ukisimama kisigino kitazama. Ubao unataka povu la EPS, yaani la polistaireni, lenye uzito wa kilo 24 hadi 32 kwa mita ya ujazo, na muuzaji hatakuambia kwa sababu naye hajui. Pima mwenyewe: kata kipande cha sentimita 10 kila upande, kiweke kwenye mizani ya kupimia vitu vidogo. Kikiwa na gramu 24 hadi 32, umepata. Mimi nilikwenda kwa sonara Mji wa Kale. Aliweka kipande changu cha povu pale panapokaa pete za maharusi, akaniuliza kama nyumbani wanajua nilipo.

Lakini aliyeniokoa ni mzee mmoja anayeunda boti za faiba. Ujana wake aliumaliza kwenye majahazi, akikalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, kwa pamba na mafuta ya sifa, mpaka faiba ilipokuja akageuka nayo. Nilimwendea na povu langu chini ya kwapa nikitaka aniuzie resini ya polista, gundi ya kugandishia faiba, ile ya kawaida yenye harufu ya kupasua kichwa. Hakunihubiria. Alichovya kijiti, akadondosha tone moja juu ya povu. Likafanya ssss. Povu likanywea, tone likashuka nalo, pakabaki shimo la kuingia kidole gumba lenye kingo za kunata. Kisha akanionyesha rafuni kopo la epoksi, resini ya aina nyingine. Ndani ya polista mna staireni, nalo povu hilo ni la jamii hiyo hiyo, kwa hiyo linayeyushwa. Epoksi haina ugomvi nalo. Ni ghali zaidi, ndiyo. Punguza mengine.

Kuchonga kwenyewe sitakuchosha nako. Gundisha ubao mwembamba wa plaiwudi katikati uwe uti wa mgongo, kata kwa kufuata patani, inua pua kidogo, kisha piga msasa. Kupiga msasa ni kupiga msasa. La muhimu ni kingo: mbele ziwe za mviringo, nyuma ziwe kali. Maji hung'ang'ania ukingo wa mviringo na kuachia ukingo mkali, na nyuma ndiko unakotaka yaachie, la sivyo ubao utakuwa mzito kila ukigeuka. Tandika turubai chini. Chenga za povu haziozi, upepo mdogo tu wa kusi unazipeleka baharini, na sisi ndio tunaokula samaki wa huko.

Sasa kupaka, yaani kutandika kitambaa cha faiba juu ya povu na kukilowesha epoksi, na hapa ndipo video za wazungu zitakapokupoteza, kwa sababu wao wanahangaika kupasha chumba joto na sisi joto tunalo bure. Usipake asubuhi. Povu lina hewa kati ya punje zake. Jua likipanda, hewa inatanuka, inatoka kupitia kitambaa kibichi, na unabaki na vipele juu ya ubao mzima. Jioni mambo hugeuka: joto linashuka, hewa inanywea, povu linaivuta epoksi badala ya kuisukuma. Mimi nilianza baada ya swala ya alasiri, mlango wa uani umefungwa, watoto wa jirani wanachungulia juu ya ukuta, na magharibi ilipoadhiniwa upande wa chini ulikuwa umekwisha.

Changanya kidogo kidogo. Epoksi ikikaa nyingi chomboni inajipasha yenyewe, na kwa joto letu la Februari utaona: chombo kinaanza kuwa vuguvugu kiganjani, mara kinaunguza, plastiki inalegea, moshi unafuka. Beseni la mama lilikwenda namna hiyo. Ukishachanganya, mwaga yote juu ya kitambaa papo hapo na uisambaze kwa kadi ya zamani ya benki. Hadena, ile dawa inayoigandisha epoksi, ipime kwa mizani kama kopo linavyosema. Waliozoea polista huongeza hadena ili ikauke haraka. Kwa epoksi ukizidisha, haikauki vizuri kamwe, inabaki laini. Vaa glavu, na ukipiga msasa vaa barakoa. Usinijibu kwamba mzee wako amefanya miaka yote bila kitu na yuko salama. Muulize kuhusu ngozi ya mikono yake.

Kitambaa: chini safu moja ya gramu 200 kwa mita ya mraba, kingo zake zikunjwe kuzunguka ubavu. Siku ya pili juu, safu mbili, kwa sababu visigino vinakaa juu. Asubuhi ukipapasa utakuta utelezi kama wa nta. Ni unyevu wa hewa yetu. Osha kwa maji na sponji ngumu kabla ya msasa, la sivyo safu inayofuata haitashika.

Mapezi ni kazi fupi. Panga safu za faiba juu ya kioo cha dirisha, zikauke, kata mawili, yasimamishe nyuma kwa epoksi na vitambaa pembeni. Mmarekani Tom Blake ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kupachika pezi kwenye ubao wa mawimbi, mwaka 1935. Kabla yake watu waliteleza bila pezi, kwa hiyo lako likikaa upande kidogo usilie. Juu gundisha mkeka wa povu wa mazoezi, miguu isiteleze. Rangi iwe nyeupe na ubao ukae kivulini. Ukiuacha juani na rangi nyeusi, faiba itaachana na povu.

Siku ya kuujaribu nahodha mmoja rafiki yangu alinipa nafasi wageni wake walipokuwa wanakula. Nilitupa kamba. Ubao ukakaa. Nilipiga kelele mpaka wapishi wa hoteli wakatoka nje. Mgeni mmoja akauliza ni wa kampuni gani. Nikamwambia Kisauni.

Mwezi uliopita yule bosi akanipigia. Ameona picha, anataka mbao mbili za wageni wake. Nilimtajia bei ya Ulaya pamoja na ushuru wa forodha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, najua, lakini siku hiyo niliionja raha yake. Hajarudi.

Vijana wenzangu, tumekulia kando ya bandari mpaka tukaamini kizuri chochote lazima kishuke melini. Mtu anaweka akiba miaka angojee ubao wa mtumba kwenye kontena, na hapo hapo mtaani kuna mzee ambaye mikono yake imeunda boti za kubeba tani. Hatumwendei kwa sababu hana akaunti mtandaoni. Mwendeeni. Mpelekeeni kahawa, msimkatie bei, kaeni chini mtazame anavyokunja kitambaa kwenye kona. Msianze kumrekodi kabla ya salamu. Nasema kwa uchungu kwa sababu nimewaona.

Na mkishautia majini, kumbukeni lile wimbi haliishii kwenu. Linakwenda kupiga matope ya mikoko na mitumbwi ya watu. Kule kriki mzee mmoja alisimama mtumbwini akatunyooshea kasia, maneno aliyoyasema siyaandiki. Tulizima injini, tukamsogelea, tukamwamkia shikamoo. Kumbe nyavu zake hutandwa maji yakianza kupwa, na sisi ndio saa yetu ya kelele. Sasa tunatoka maji yakiwa yamejaa, kina kinatutosha, na yakigeuka tunarudi gatini na kumwachia. Pembeni mwa mikoko boti inapita polepole, hata kama wimbi zuri liko hapo.