Kuchapa kutoka programu za DOS kwenye printa ya mtandao

Kwa miaka kadhaa nimeitunza programu ya stoo ya duka moja la vipuri, iliyoandikwa kwa lugha ya Clipper enzi za DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows), ambayo mwenye duka hataki kuiacha kwa sababu wahasibu wake wameizoea na hesabu zake anaziamini. Printa yake ya pini ilipokufa tulinunua ya leza ya mtandao, na siku nzima haikutoa hata mstari mmoja.

Programu ya DOS haijui habari za mtandao wala za draiva za Windows. Inaijua poti ya LPT1, yaani tundu la zamani la kuchomekea printa, na humwaga maandishi humo bila kuuliza upande wa pili kuna nini. Kwa hiyo usihangaike na programu, shughulikia poti. Ishirikishe printa kwenye mtandao, uipe jina fupi lisilo na nafasi, kisha uandike kwenye dirisha la amri:

NET USE LPT1 \\STOO\PRINTA /PERSISTENT:YES

STOO ni jina la kompyuta yenye printa. Njia hii hufaa hata kwa printa ya USB iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo, mradi umeishirikisha kwanza. Amri ikikataliwa kwa kuwa kompyuta ina poti halisi ya LPT1, izime poti hiyo au utumie LPT2.

Kosa langu lilikuwa kwenye ununuzi. Printa nyingi za bei nafuu huitegemea Windows izichoree ukurasa mzima, hivyo maandishi matupu ya DOS haziyaelewi kabisa. Tafuta inayoelewa PCL, au ya pini inayoelewa ESC/P (hizi ni lugha za amri za printa), ambayo pia ndiyo pekee itakayokupa ankara za nakala tatu kwa mkupuo. Tulipobadilisha printa, taa ikawa inamwekamweka na karatasi haitoki, kwa sababu printa ya leza husubiri ukurasa ujae au iletewe herufi namba 12, ile ya kuamuru ukurasa utoke, ambayo programu yetu haikuwa ikiituma. Nilitengeneza faili lenye herufi hiyo peke yake, nikawa nalipeleka LPT1 kwa amri ya COPY /B baada ya kila ankara.

Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za DOS. Huko tumia vDos au DOSBox-X, programu zinazoiga DOS na zinazoshughulikia uchapaji, kwani DOSBox ya kawaida ililenga michezo.

Kabla ya kuilaumu programu, andika DIR > LPT1, na kwa printa ya leza fuatisha faili lile la herufi namba 12. Orodha ya mafaili ikitoka kwenye karatasi, njia iko wazi.