Jikoni na Shangazi: Mabawa ya bata mzinga yametoka machungu, nimekosea wapi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata Kimanga. Mdogo wangu yuko Atlanta, Marekani. Nilipomtembelea mwaka jana alinipikia majani yanayofanana sana na sukuma wiki, ameyachemsha pamoja na bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi. Nilikula hadi nikasahau kwamba hakuna nazi. Niliporudi nikanunua bata mzinga Kisutu, akachinjwa, nikamkatakata mwenyewe. Mabawa nikayapaka chumvi na ndimu asubuhi ileile. Nikachukua debe la mafuta ya kula, chini nikaweka mkaa, juu ya mkaa maranda na vipande vya mbao nilivyopewa na fundi seremala jirani. Nikavilowesha maji ili vitoe moshi mwingi, nikafunika. Baada ya saa moja na nusu mabawa yakatoka meusi kama sufuria ya msibani. Ngozi chungu, ulimi unakufa ganzi. Tulipochana, nyama ya karibu na mfupa ni nyekundu. Mume wangu akasema ni mbichi, tusile. Bawa la pili nikalitundika jikoni kama mama alivyokuwa akitundika samaki, siku ya tatu likanuka nikalitupa. Bata mzinga si kuku wa kununua kila wiki, shangazi. Nisaidie.
Mama wa Watatu, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nianze na lile bawa ulilolitundika, maana hapo ndipo moyo wangu ulipopiga.

Bibi yangu, huko Rufiji, alikuwa na uchanja juu ya mafiga. Kambale na perege walikaa pale moto wa chini chini siku mbili, tatu, hadi ukimgonga samaki analia kama ukuni. Yule samaki haozi kwa sababu maji yamemtoka. Bawa la bata mzinga likitoka kwenye moshi baada ya saa tatu bado lina maji tele na mafuta yake yote, kwa hiyo linaoza kama nyama nyingine yoyote iliyopikwa. Nilijifunza hili kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilipitisha mapaja ya kuku kwenye moshi, nikayaacha kwenye kikapu jikoni usiku kucha nikiamini moshi umeyalinda. Wajukuu wangu wawili waliharisha siku mbili. Tangu hapo nyama ya moshi nyumbani kwangu haikai mezani zaidi ya saa mbili, na mchana wa joto kali la Dar, likipita nyuzi 32, haizidi saa moja. Baada ya hapo inaingia friji, siku tatu au nne basi. Ukitaka ikae zaidi, igandishe. Umeme ukikatika usifungue friji kila dakika kuchungulia. Likibaki limefungwa, friji hutunza ubaridi kama saa nne, na friza iliyojaa kama saa 48.

Sasa moshi wenyewe. Wewe ni mtu wa Pwani, unajua chetezo. Nguo ukiifukiza udi inanukia, lakini haijafuliwa. Na bawa ni hivyo hivyo. Moshi unalitia harufu na rangi, kinacholiivisha ni joto. Wewe ulitafuta moshi mwingi, joto hukulipima, ndiyo maana umepata bawa lililozama kwenye masizi.

Ule uchungu na ganzi ya ulimi vinatoka kwenye kuni zilizoungua vibaya. Ukuni uliolowa maji kwanza hutoa mvuke, moto unapoa, halafu unatoa moshi mzito mweupe wenye lami inayoganda kwenye ngozi. Debe lako nalo halikuwa na tundu la kutolea moshi, kwa hiyo lami ile haikuwa na pa kwenda. Usiloweshe kuni. Tafuta ukuni mkavu kabisa, vipande vinene kama kifundo cha mkono, viwili au vitatu tu kwa kazi nzima. Moshi unaoutaka ni mwembamba, unakaribia rangi ya buluu, unauona kwa shida. Ukitoka mweupe mzito kama wa jalala linalochomwa, usiweke nyama bado. Subiri.

Na hizo mbao za fundi, mwanangu, naomba usizirudie kamwe. Mbao nyingi za maseremala wa hapa mjini ni za paini kutoka mashamba ya miti ya nyanda za juu, kama Sao Hill kule Mufindi. Paini ina utomvu mwingi, ikiungua inatoa masizi machungu. Hiyo ni hasara ya ladha tu. Hatari ni zile mbao za kuezekea zenye rangi ya kijani kijani, zilizopigwa dawa ya kuzuia mchwa. Baadhi ya dawa hizo zina arseniki, na moshi wake ni sumu. Mbao za kubandika nazo zina gundi, na za samani kuukuu zina rangi na vanishi. Maranda ya kwa seremala yanachanganya hizi zote kwenye gunia moja, huwezi kuchambua.

Mimi natumia mpera. Kila mtaa una mpera unaopogolewa, na ukuni wake ukianikwa miezi mitatu au minne unatoa moshi mtamu usiokera koo. Mchungwa na mchenza pia ni mizuri. Mwembe, ambao najua ndio ulio karibu na kila mtu, mimi siutumii. Ni ndugu wa mkorosho, na jamii hiyo ina utomvu unaowasha. Maganda ya korosho usiyaguse kabisa kwa kazi hii, mafuta yake ni makali mno. Makumbi ya nazi yanafaa kuwashia mkaa, ila nyama isubiri hadi yameteketea.

Niingie kwenye nyama. Kupaka chumvi asubuhi na kubanika saa hiyo hiyo hakutoshi kwa bawa la bata mzinga, limekomaa na lina mishipa. Mimi naliloweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha: lita 4 za maji, gramu 200 za chumvi, gramu 100 za sukari, vitunguu swaumu vichache vilivyopondwa na pilipili manga. Maji nayachemsha kwanza ili chumvi iyeyuke, nayaacha yapoe kabisa, ndipo bawa linaingia, na chombo kizima kinakaa frijini, saa 10 hadi 12. Ndimu usiiweke hapo, ikikaa muda mrefu inaifanya nyama ya juu iwe na unga unga. Iweke mezani wakati wa kula.

Asubuhi toa bawa, lisuuze haraka, likaushe kwa kitambaa safi, kisha, na hapa wengi wanaruka, lirudishe frijini juu ya waya bila kufunika kwa saa tatu au nne. Ngozi itakauka na kunata kidogo ukiigusa. Moshi hushika vizuri kwenye ngozi ya namna hiyo. Ngozi ikiwa imelowa maji, inashika masizi. Kulianika barazani hakusaidii kwetu, hewa ya Dar yenyewe imelowa, na nzi wapo.

Debe lako dogo linafanya mkaa uwe chini ya nyama moja kwa moja, mafuta yanadondokea motoni, ndimi zinaruka. Kama una ua, nenda kwa mafundi wa vyuma Gerezani, wakukatie pipa la lita 200 kwa urefu, walifanyie mfuniko wa bawaba. Hakikisha pipa lilikuwa la mafuta ya kula, si la kemikali, na kabla ya nyama yoyote liwashie moto mkali tupu hadi rangi yote ya ndani iungue. Waya wa kuwekea nyama usiwe wa mabati, zinki ikipata moto mkali inatoa mvuke mbaya. Waambie nondo nyembamba tupu.

Mkaa unaweka upande mmoja, nyama upande wa pili, chini ya nyama sinia la maji likipokea mafuta. Tundu la kuingiza hewa liwe chini upande wa mkaa, la kutolea moshi liwe juu upande wa nyama, ili moshi upite juu ya bawa ukitoka. Pipa langu nimelitia magurudumu kwa sababu ya upepo. Wakati wa kusi linaelekea huku, kaskazi ikianza nageuza, la sivyo upepo unaingia kwenye tundu la chini na mkaa unawaka kama wa mhunzi.

Joto mle ndani liwe kati ya nyuzi 110 na 130. Zaidi ya hapo unachoma, chini ya hapo unalea vijidudu. Bawa kubwa linachukua saa mbili na nusu hadi tatu, ila saa ya ukutani isiwe hakimu wako. Nunua kipimajoto cha nyama, kile cha sindano. Chomeka kwenye sehemu nene ya karibu na bega, sindano isiguse mfupa. Ikisoma nyuzi 74, bawa limeiva na ni salama. Mimi naliacha lifike 80 na kidogo, mishipa inalegea. Dakika kumi za mwisho nasogeza bawa karibu na mkaa ngozi ikakamae, maana moto mdogo peke yake unaiacha kama mpira.

Hapo ndipo tunarudi kwenye wekundu uliomtisha mume wako. Moshi wa kuni una hewa inayoingia kwenye nyama na kuitia rangi ya waridi, na rangi hiyo haitoki hata nyama ikiiva kabisa. Kwa ndege mchanga, hata uboho wa mfupa huvujisha wekundu. Kwa hiyo nyama ya moshi inaweza kuwa nyekundu na imeiva. Na inaweza kuwa nyeupe na bado haijaiva. Bila kipimajoto mume wako alikuwa sahihi kukataa. Ukiwa nacho, mwonyeshe namba.

Jambo jingine dogo: bata mzinga mmoja ana mabawa mawili tu. Mdogo wako Marekani anayanunua yametengwa kwenye pakiti, sisi hapa tunanunua ndege mzima. Usiwashe pipa kwa mabawa mawili. Weka na shingo na mapaja, mapaja yatangulie kama saa moja kwa kuwa ni manene.

Ukishafanikiwa, lichemshe bawa kwanza peke yake saa moja au zaidi hadi nyama iachie mfupa, ndipo utie majani. Yale uliyokula Atlanta ni ndugu halisi wa sukuma wiki yetu, kwa hiyo hukukosea kuyafananisha. Watu wengi kule wanapika hivyo badala ya kutumia mguu wa nguruwe, na sisi Waislamu wa hapa tumepata faida ya bure. Mimi natia kwenye kisamvu cha nazi, na kwenye kunde ndiyo zaidi. Chumvi usitie hadi uonje, bawa limekuja na yake. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa presha, mpunguzie supu.

SWALI: Shangazi, nakaa ghorofa ya tatu Sinza, sina ua. Naweza kubanika kwa jiko la mkaa kwenye kibaraza nikiacha mlango wazi?
Kijana mpenda nyama

JIBU: Hapana, mwanangu, na nakuomba kwa dhati. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu akiwa usingizini, na inaendelea kutoka hata moshi ukiwa umekwisha na makaa yanaonekana yamelala. Mlango ulio wazi unaiingiza ndani, hauitoi. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kwa kuota moto wakati wa masika.

Fanya hivi. Pika mabawa yako kwenye ovena au uyachemshe kwenye gesi hadi nyuzi 74 ile ile. Yapange kwenye sufuria, katikati weka ganda la kitunguu lililokaa kama kikombe. Chukua kipande kimoja cha mkaa, kishike kwa koleo juu ya moto wa gesi, madirisha yakiwa wazi, hadi kiwe chekundu. Kiweke kwenye ganda, dondoshea kijiko cha samli, funika haraka. Dakika tano zinatosha. Kisha kipande hicho kitoe na ukizime kwa maji, kisiachwe kwenye ndoo ya taka. Wapishi wa biriani wa mjini hapa wanafukiza hivyo tangu sijazaliwa. Hutapata rangi ya pipa, ila harufu utaipata.

SWALI: Shangazi, je, ni lazima nimwoshe bata mzinga kwa maji ya bomba na ndimu kabla ya kumpika? Mama mkwe ananisema.
Mke mpya, Mbagala

JIBU: Maji ya bomba yanayopiga nyama mbichi ya ndege yanarusha vijidudu kwenye sinki, kwenye vyombo vilivyooshwa na kwenye kachumbari iliyo pembeni. Ndimu haiviui. Moto ndio unaoviua. Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Kwa hiyo mweke nyama kwenye beseni lenye maji kidogo, umsuuze taratibu bila kurusha, umkaushe kwa karatasi, na beseni na sinki uvisugue kwa sabuni hapo hapo. Mashina ya manyoya yaliyobaki kwenye bawa yang'oe kwa kibano kidogo wakati huo huo, kwa kuwa ngozi ikishapita kwenye moshi hayang'oki tena.