Klachi Inateleza? Gia Boksi Isishuke Kwanza

Ukimpelekea fundi gari la manyuo ukamwambia klachi inateleza, yaani injini inazunguka lakini nguvu yake haifiki yote kwenye magurudumu, mara nyingi jibu unalipata hata boneti haijafunguliwa: "Bosi, hiyo pleti imekwisha. Lete hela ya seti tukufungie leo leo." Huenda ni kweli. Lakini nimeshuhudia magari yaliyofungwa seti mpya kabisa yakirudi gereji mwezi haujaisha, yanateleza vilevile, kwa sababu hakuna aliyeuliza pleti ya kwanza iliharibiwa na nini. Ushauri wangu wote uko hapo: gia boksi isishuke mpaka umekagua kila kitu kinachoweza kukaguliwa ikiwa juu.

Nasema haya kama mtu wa Hilux ya zamani, ile ya injini ya 3L, dizeli ya cc 2,779 isiyo na tabo. Kazi yake ni kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, kilomita kama 33 za kona na mwinuko, saruji au mbolea ikiwa nyuma, kisha kushuka na viazi na kabichi. Kwenye tambarare klachi inayochoka inaweza kukaa miezi bila dereva kujua. Ukiikamata njia hiyo ya mlima kwenda Soni na mzigo, utajua siku hiyohiyo.

Dalili ya kwanza haionekani wakati wa kuondoka kwa gia ya kwanza, ingawa wengi huitafuta hapo. Huanza kwenye gia kubwa, ya nne au ya tano, pale unapokanyaga mafuta ili ulipite lori. Injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari linabaki na mwendo uleule. Baadaye inahamia gia ya tatu, halafu ya pili, na kufikia hapo unasikia harufu kali ya kitu kinachoungua inayoingia hadi ndani.

Tenganisha ugonjwa huu na mingine miwili. Gia zikigoma kuingia, au rivasi ikilia kila ukiiweka, hapo klachi haikati, yaani haiiachii injini hata ukikanyaga pedali. Ni tatizo la upande wa pili kabisa. Na kama gari ni zito lakini mizunguko ya injini inashuka pamoja na mwendo, angalia chujio la dizeli, hewa, na breki zinazoshika. Klachi inayoteleza huiacha injini ikimbie peke yake.

Kulipima, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu. Ukiwa kwenye kilomita kama 40 kwa saa weka gia ya nne, kisha kanyaga mafuta hadi chini. Mshale ukiruka ghafla bila gari kuvuta, umepata jibu. Kuna mafundi wanaopenda kuvuta breki ya mkono, kuweka gia ya tatu na kuachia klachi waone kama injini itazima. Kipimo hicho ni sahihi, lakini kifanyike mara moja tu. Kila sekunde pleti inaposugua bila kushika, inapata joto linaloila yenyewe na kuiunguza flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini.

Sasa ingia ndani kidogo. Pleti hubanwa kati ya flaiwili, inayozunguka na injini, na presha pleti yenye springi yake ngumu. Ukikanyaga pedali, rilizi beringi inasukuma vidole vya springi ile na pleti inaachiwa. Kwa hiyo utelezi una njia chache tu: pleti imekuwa nyembamba, springi imelegea, kuna mafuta kati yao, au kuna kitu kinachoendelea kukanyaga klachi wakati mguu wako umeshaondoka. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo rahisi kuliko zote.

Anza na mchezo wa pedali. Ibonyeze kwa kidole, si kwa mguu. Lazima isogee kidogo ikiwa laini kabla haijaanza kuwa ngumu. Kwenye magari ya kebo, pleti inavyolika ndivyo mchezo unavyopungua, mpaka beringi inakaa imeegemea vidole muda wote. Kulegeza nati ya kebo ni kazi ya dakika chache, na kama pleti bado ina unene, klachi inarudi kushika.

Kwenye magari ya hidroliki kama Hilux, ambayo klachi husukumwa na mafuta badala ya kebo, tazama masta ya juu, pampu ya kwenye pedali, na masta ya chini, ile ya kwenye gia boksi. Masta ya juu ina tundu dogo sana ambalo mafuta hurudi kwenye kikopo chake ukiachia pedali. Fito ya pedali ikirekebishwa vibaya, au raba za ndani zikivimba, tundu lile linazibika na presha inabaki ndani ya bomba. Raba huvimba hasa pale mtu anapoongeza oili ya injini kwenye kikopo kinachotaka mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4. Tafadhali usimruhusu mtu afanye hivyo, hata kama mmekwama porini.

Kuijua ni hivi: gari likiwa limepata joto na linateleza, simama, hakikisha hakuna aliyekanyaga pedali, kisha legeza nati ya kutolea upepo kwenye masta ya chini. Mafuta yakiruka kwa nguvu, presha ilikuwa imefungiwa humo. Kwenye Hilux yangu ndivyo ilivyokuwa, ingawa kila aliyeiangalia kabla alitaka kushusha gia boksi. Tulibadili raba za masta zote mbili, tukasafisha bomba, tukajaza mafuta mapya na kutoa upepo. Pleti ileile ikaendelea kupanda mlima na mzigo wake.

Kisha tazama kama kuna mafuta yanayovuja. Chini ya nyumba ya klachi, pale injini inapokutana na gia boksi, magari mengi yana tundu dogo. Pitisha kidole. Mafuta meusi ni oili ya injini, na kwa dizeli weusi wake haukosewi. Yanatoka kwenye oili sili, ile raba ya kuzuia uvujaji, ya nyuma ya krankishafti, mhimili mkuu wa injini. Mafuta mazito yenye harufu ya kiberiti ni ya gia boksi, kutoka sili ya mbele. Pleti iliyolowa mafuta haiponi. Utaiosha kwa petroli, itashika siku mbili, halafu joto litayatoa mafuta yaliyojificha ndani na utarudi ulipokuwa. Hapo gia boksi lazima ishuke, lakini sili ibadilishwe siku hiyohiyo. Na kabla ya kuilaumu sili, kagua bomba la kupumulia la injini, kwa sababu likiziba, presha ya ndani itaisukuma hata sili mpya.

Ikishashuka, usibane pesa kwenye vitu vidogo. Pleti, presha pleti na rilizi beringi vibadilishwe pamoja, na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili pia kama ipo. Flaiwili yenye mabaka ya bluu ipelekwe kwenye mashine ya lethi ichongwe uso. Yenye nyufa zilizozama itafutiwe nyingine. Ukienda dukani, iwe Tanga au Gerezani pale Kariakoo, nenda na pleti ya zamani mkononi ulinganishe kipenyo na idadi ya meno ya katikati. Mimi hununua spea nyingi za mtumba bila wasiwasi, lakini si pleti. Usiamini boksi peke yake pia, kwani majina makubwa ya Kijapani yanaigwa sana. Toa pleti, tikisa springi zake, tazama kama vichwa vya ribiti, zile pini zinazoshikilia bitana, vimezama vya kutosha.

Jambo moja naomba ulichukulie kwa uzito: vumbi la ndani ya nyumba ya klachi lisipulizwe, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Pleti za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa linaweza kusababisha saratani ya mapafu. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha. Vijana wa gereji wanalivuta kila siku, na mara nyingi hakuna aliyewaambia.

Wakati wa kufunga, simama karibu. Mafuta ya kuzuia kutu kwenye presha pleti mpya yafutwe, pleti isiguswe kwa mikono yenye grisi, upande wenye springi zilizotokeza uelekee gia boksi, na bolti zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo.

Na kama imekukuta njiani? Punguza mzigo kwanza. Acha ipoe nusu saa, kisha nenda kwa gia ndogo na mafuta kidogo, bila kuning'inia kwenye mlima kwa nusu klachi. Mwenye 4x4 akiwa kwenye barabara ya vumbi, aweke gia nzito ya chini (4L), kwani inaipunguzia klachi kazi sana. Kwenye lami kavu asiitumie, itaumiza ekseli.

Klachi mpya nayo ipewe kilomita 500 hivi za mwendo wa taratibu bila mzigo mkubwa, ili pleti na flaiwili zikae vizuri. Baada ya wiki moja rudi chini ya gari, pitisha kidole tena kwenye lile tundu. Likiwa kavu, anza kupakia.