Mdogo wangu unayeanza kuuza vipodozi, jifunze kusoma kopo

Mwaka wangu wa kwanza dukani Kariakoo nilizijua bei zote bila kutazama daftari, lakini kopo sikujua kulisoma. Mteja akiuliza, "Dada, hii haijaisha muda?" nilikuwa nageuza chupa, naona namba yoyote, najibu haijaisha. Siku moja nikamjibu hivyo mama aliyekuwa anamnunulia mwanawe losheni. Kesho yake alirudi akaiweka juu ya kaunta. Tarehe niliyoisoma ilikuwa ya kutengenezwa. Ya kuisha ilikuwa imefunikwa na stika ya bei, na ilishapita miezi minne. Stika ile tuliibandika sisi wenyewe. Hakugomba, aliomba hela yake, akaondoka, na sikumwona tena.

Kwa hiyo stika ya bei ibandike mbali na tarehe, hata kama itaharibu sura ya kopo. Halafu jua herufi: MFG au MFD ni siku ya kutengenezwa, EXP ndiyo ya mwisho. Angalia na mpangilio, maana 05/08/26 kwetu ni tarehe tano mwezi wa nane, lakini kwa bidhaa ya Marekani inaweza kuwa tarehe nane mwezi wa tano. Mzigo wa Korea huanza na mwaka, na neno linalofuata tarehe ndilo linalokwambia kama ni ya kutengenezwa au ya mwisho. Usibahatishe. Piga picha, simu itakutafsiria.

Sasa kuna makopo yasiyo na EXP kabisa, na hapa ndipo wageni wengi wa kazi humwambia mteja "hii haiishi muda". Si kweli. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu kipodozi kinachodumu zaidi ya miezi 30 kisiandikwe tarehe ya mwisho, ila kichorwe alama ya kikopo kilichofunuliwa, na ndani yake 6M, 12M au 24M. Hiyo M ni miezi, na inaanza kuhesabiwa siku mteja anapofungua. Kopo likifunguliwa hewa inaingia, vidole vinaingia, na vijidudu vinaingia navyo. Mweleze mteja aandike siku aliyofungua chini ya kopo kwa maka peni. Akiwa na haraka, mwandikie wewe anapolipa ikiwa ataanza kutumia leo.

Kwenye testa, yaani kopo la wateja kujaribia, nakuwa mkali. Kopo la mdomo mpana linalochovywa na vidole vya watu kutwa nzima linachafuka haraka kuliko lolote la nyumbani. Tumia kijiko kidogo cha plastiki, andika siku ya kufungua, na ukiona harufu imegeuka, toa. Bosi akilalamika kwamba bado limejaa, mwambie ukweli kwa heshima. Ngozi ya mteja haiwezi kulipia kopo letu.

Joto la Dar ndilo adui mkubwa, hasa Desemba hadi Machi. Tarehe ya kwenye kopo inategemea limehifadhiwa vizuri. Stoo ya bati haiijui ahadi hiyo. Losheni ni maji na mafuta yaliyoshikanishwa, na joto likizidi yanaachana: utaona majimaji upande mmoja na uzito upande mwingine. Usitikise ukarudisha rafuni. Seramu ya vitamini C ikiwa safi huwa haina rangi au ina umanjano mdogo. Ikishakuwa kahawia imekwisha nguvu hata kama EXP ni ya mwakani. Retino, yaani vitamini A ya kupaka, nayo haipendi mwanga, ndiyo maana huja kwenye tyubu au chupa nyeusi. Usiipange dirishani kwa ajili ya kuvutia wapita njia. Dirishani weka maboksi matupu.

Ila usitupe kilicho kizima. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi kama 24, kwa hiyo mwezi wa saba asubuhi yanaweza kuganda na mchana yakawa maji. Hayajaharibika. Siagi ya shea iliyoyeyuka ikaganda tena hufanya chembechembe. Hiyo nayo ni nzima. Pua ndiyo itakuhukumia: mafuta yaliyochacha yananuka kama yaliyokaangiwa mara nyingi.

Sanskrini, losheni ya kukinga jua, nakuomba uichukulie kwa uzito wa pekee. Iliyokufa haionyeshi dalili kila mara. Inaweza kuwa nyeupe na laini vilevile huku haizuii jua. Tuna wateja wenye ualbino wanaoitegemea kuwakinga na saratani ya ngozi. Ukimuuzia mtu huyo tyubu iliyokaa juani, umemtuma barabarani bila kinga naye anaamini anayo. Iweke ndani kabisa, sehemu ya chini ya rafu ambako joto ni dogo, na mwambie asiiache ndani ya gari.

Wateja wengi huuliza kuhusu friji. Kwa vingi si lazima. Kabati la chumbani, mbali na dirisha na mvuke wa bafuni, linatosha. Umeme ukikatika na kurudi kila mara, kupoa na kupata joto kwa zamu hakusaidii kitu.

Mzigo ukifika, fungua kila katoni hadi chini. Nimewahi kukuta tabaka la juu lina mwaka mzima mbele na la chini lina wiki tatu. Tarehe iliyokwaruzwa au kuchapwa upya, rudisha. Panga kinachoisha mapema mbele. Usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na kilichoisha muda hakiwekwi kwenye kapu la ofa. Kiweke kando, kiandike, na usikitupe jalalani kikiwa kimefungwa, maana kuna atakayekiokota akakiuze. Mimi kila Jumatatu kabla ya kufungua napita rafu moja kwa daftari na maka peni. Ukianza kazi, rafu ya sanskrini itakuwa yako.